Kuitazama Saa Adimu kwa Macho Yako: Mwongozo Kamili wa Maonyesho ya Kabla ya Mnada, Geneva

Wapenzi wengi wa saa za mkono za mashine, yaani zile zinazoendeshwa na kamani badala ya betri, wamezifahamu saa adimu kupitia picha peke yake. Picha hizo ni nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo zinapopotosha. Huchukua saa yenye upana wa milimita 35 zikaikuza mpaka ikajaza kioo cha kompyuta, huisimamisha mahali pamoja, na huimulika kwa taa zilizopangwa na mtu ambaye kazi yake ni kuifanya ipendeze. Saa yenyewe ni kitu kidogo, chenye uzito na sauti, ambacho hubadilika sura kila kinapogeuzwa. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufika mbele ya saa ya aina hiyo, namna ya kuishika, na utaratibu wa kuitazama ili dakika chache utakazopewa zisiishie kwenye kusoma jina la kampuni tu.

Nimechagua maonyesho yanayotangulia minada ya Geneva kwa sababu moja: makumbusho hukuonyesha saa nyuma ya kioo, duka humwonyesha mteja wake saa mpya, lakini kabla ya mnada saa adimu hutolewa kabatini na kuwekwa mbele yako mezani. Kuingia kwa kawaida hakuna malipo, wala halitakiwi sharti la kununua. Jambo hili huwashangaza wengi, hata wanaoishi Ulaya.

Hatua ya kwanza: chagua saa moja

Minada mikubwa ya saa mjini Geneva hufanyika mara mbili kwa mwaka, mwezi Mei na mwezi Novemba, ambapo nyumba za mnada kama Phillips, Christie's na Sotheby's huuza karibu wakati mmoja. Orodha za saa zitakazouzwa hutolewa mtandaoni mapema. Orodha moja inaweza kuwa na saa zaidi ya mia, na anayekwenda kuziona zote hataiona hata moja. Chagua moja iwe shabaha yako, kisha chagua nyingine mbili au tatu za bei ya chini ambazo utaziomba kwanza ili kuzoesha jicho na mikono.

Baada ya kuchagua, isome saa hiyo mpaka uijue. Tuchukue mfano wa saa ya Patek Philippe, kampuni ya Uswisi, toleo namba 1518. Ilianza kutolewa mwaka 1941, ikiwa saa ya kwanza ya mkono kutengenezwa kwa mfululizo ikiwa na kronografu (kipima muda kinachoanzishwa na kusimamishwa kwa vitufe) pamoja na kalenda ya kudumu, yaani kalenda inayotambua yenyewe miezi mifupi na mirefu na hata mwaka mrefu wenye tarehe 29 Februari. Zilitengenezwa 281 hivi, nyingi zikiwa za dhahabu ya njano, na zinazojulikana kuwa za chuma cha pua ni nne tu. Ndiyo maana moja ya hizo nne iliuzwa na Phillips mjini Geneva mwezi Novemba 2016 kwa faranga za Uswisi 11,002,000, ingawa chuma ni rahisi kuliko dhahabu. Mtu asiyelijua hilo ataiona saa ya kijivu iliyochakaa kidogo, na atashangaa walinzi ni wa nini.

Fanya pia zoezi dogo ambalo halina gharama. Kata karatasi iwe duara la milimita 35, iweke juu ya kifundo cha mkono wako, na uiache hapo kwa muda. Macho yetu yamezoea saa za siku hizi zinazofika milimita 40 na zaidi, na mshtuko wa udogo unaweza kula dakika mbili za muda wako mezani. Afadhali ushtukie nyumbani.

Hatua ya pili: barua na hati za safari

Waandikie wahusika wa idara ya saa ya nyumba ya mnada barua pepe fupi wiki mbili au tatu kabla. Taja namba ya saa kwenye orodha, eleza kwamba ungependa kuitazama, na omba ripoti ya hali yake, ambayo ni maelezo ya maandishi kuhusu mikwaruzo, sehemu zilizobadilishwa na hali ya mashine. Usijifanye mnunuzi iwapo hukusudii kununua. Watu hawa wameona wageni wa kila namna, na anayesema wazi kwamba anajifunza hupokewa vizuri kuliko anayetaja mamilioni ambayo hana. Wakati mwingine baadhi ya saa hupelekwa kwanza miji mingine, kama vile London, New York au Hong Kong, kabla ya kurudi Geneva, kwa hiyo uliza ratiba nzima. Huenda jamaa yako wa London akawa na nafasi ya karibu zaidi kuliko wewe.

Kwa msomaji anayetoka Afrika Mashariki, kikwazo kikubwa ni viza. Uswisi imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Siku 15 ni kikomo cha sheria tu; busara ni kuwahi miezi miwili au mitatu.

Walioko Ghuba wana njia nyingine. Dubai Watch Week, iliyoanzishwa mwaka 2015 na wauza saa wa Ahmed Seddiqi & Sons, hukusanya watengenezaji wakubwa na wadogo mahali pamoja, na umma huingia bure kwa kujiandikisha. Huko utaona zaidi saa mpya kuliko za kale, lakini utakutana ana kwa ana na mafundi waliozitengeneza, jambo ambalo mnada hauwezi kukupa.

Hatua ya tatu: mikono na mavazi

Siku yenyewe nawa mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri, bila kupaka mafuta yoyote. Vua saa yako, pete, bangili na chochote kinachoning'inia shingoni, maana dhahabu ya karati 18 ni laini kuliko watu wanavyodhani, na pete inaweza kuacha alama isiyofutika. Vaa nguo yenye mikono inayokunjika kwa urahisi. Suti si lazima, ila unadhifu una heshima yake.

Beba vitu vitatu: daftari, kalamu ya risasi, na lenzi mbili za kukuzia, moja ya mara nne na nyingine ya mara kumi. Ukiwa na moja tu, chukua ile ya mara nne. Lenzi ya mara kumi huhitaji uisogeze saa mpaka umbali wa sentimita mbili na nusu hivi, na mkono usiozoea hutetemeka. Kwa hiyo jizoeze nyumbani kwa saa yoyote ya zamani, hata ile ya babu isiyotembea. Fundi saa mmoja wa mjini Mombasa aliwahi kunionyesha mbinu yake: huliweka jicho kwenye lenzi kwanza, kisha huileta saa kwenye lenzi, wala hainamishi kichwa kuifuata saa. Tangu siku hiyo shingo yangu inamshukuru.

Hatua ya nne: kukaa mezani

Utakaribishwa kwenye meza yenye trei iliyotandikwa kitambaa laini. Kaa kabla ya kuipokea saa. Weka viwiko mezani, na saa isitoke juu ya trei hata mara moja, ili ikiteleza ianguke sentimita chache juu ya kitambaa. Usiipokee kutoka mkono hadi mkono. Acha mhudumu aiweke chini, nawe uichukue hapo. Ishike kwa mbavu za kasha, yaani lile umbo la chuma au dhahabu linalobeba mashine, kwa mikono miwili, wala usiiinue kwa mkanda, kwa kuwa mkanda wa ngozi wa zamani unaweza kukatika na vile vipini vidogo vinavyoushikilia vinaweza kuchomoka.

Kisha kuna mambo ya kutofanya bila ruhusa. Usiitie saa ufunguo, usivute kile kifundo cha ubavuni, usibonyeze kitufe chochote. Katika saa yenye kalenda ya kudumu, magurudumu ya tarehe huanza kushikana saa kadhaa kabla ya usiku wa manane, na anayelazimisha kubadili tarehe wakati akrabu ziko kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku anaweza kuvunja jino la gurudumu ambalo halina kipuri popote duniani. Ukitaka kuiona kronografu ikianza, ikisimama na kurudi mwanzo, mwombe mhudumu aifanye mwenyewe, nawe tazama kama ile akrabu ndefu inarudi barabara kwenye alama ya juu bila kuruka wala kutetemeka.

Kuhusu picha, uliza kwanza. Hata ukiruhusiwa, iweke simu mfukoni mpaka dakika za mwisho, kwa sababu picha nzuri kuliko yako imo tayari kwenye orodha ya mnada.

Hatua ya tano: jicho tupu kwanza

Hatua hii wengi huiruka, nami niliiruka mara ya kwanza: nilikimbilia lenzi na nikatoka nikiwa nimeona herufi nyingi bila kuiona saa. Iweke saa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Tazama uwiano wake: upana kwa unene, urefu wa akrabu kwa duara la dakika, ukubwa wa vijiduara vidogo kwa uso mzima. Akrabu ya dakika katika saa iliyobuniwa vizuri hufika hasa kwenye mstari wa dakika, na ikipungua hata milimita moja jicho hukosa raha ingawa mtazamaji hajui sababu.

Sasa omba kusogea karibu na dirisha, au uliza kama taa ya juu inaweza kupunguzwa. Taa kali za maonyesho huifanya dhahabu iwake na huficha mawimbi ya uso. Katika mwanga wa mchana, igeuze saa polepole mno kutoka kushoto kwenda kulia. Uso wa fedha wa miaka ya 1940 hauna rangi moja: hupita kutoka nyeupe ya maziwa hadi kijivu, na mahali palipowahi kusafishwa kwa dawa hujitokeza kama doa lisilobadilika pamoja na sehemu nyingine. Ukiona mkwaruzo, endelea kuigeuza. Mkwaruzo ukisogea kwa kasi tofauti na herufi zilizo chini yake, basi uko kwenye kioo, ambacho katika saa nyingi za zamani ni cha plastiki na hung'arishwa kwa urahisi. Ukibaki palepale penye herufi, uko kwenye uso wenyewe, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya sita: lenzi juu ya uso

Anza na maandishi. Katika saa za Patek Philippe za enzi hiyo, jina halikupigwa chapa kwa wino kama katika saa za kawaida. Lilichongwa kwenye bamba, michongo ikajazwa enameli (rangi ya unga wa kioo) na kuchomwa, na kwa hiyo chini ya lenzi herufi huonekana zikiwa na unene na mng'ao wake. Uso uliosuguliwa kupita kiasi hupoteza kwanza vitu vidogo kabisa. Tafuta ile alama ndogo iliyo juu ya herufi e katika neno Genève. Ikiwa kali na kamili, ni dalili njema. Ikiwa imefifia au haipo, kuna mtu aliyeusafisha uso huo kwa bidii isiyotakiwa. Hadi takriban mwaka 1948 jina hilo liliandikwa likiwa na nyongeza ya "& Co.", kwa hiyo linganisha maandishi na mwaka uliotajwa kwenye orodha.

Katika saa za michezo za miaka ya 1960 na 1970, tazama rangi inayong'aa gizani iliyowekwa kwenye akrabu na kwenye alama za saa. Zamani ilitumika rediamu, kisha tritiamu, na mara nyingi herufi T iliyoandikwa chini kabisa ya uso, karibu na neno Swiss, ndiyo ishara ya tritiamu. Zote mbili hubadilika kwa miaka na kuwa za rangi ya malai au ya asali. La kuangalia ni ulinganifu: iwapo alama za uso zimezeeka na akrabu ni nyeupe kama maziwa, basi akrabu zimebadilishwa au kupakwa upya. Hilo halimaanishi kwamba saa ni bandia, bali bei yake lazima ilizingatie.

Hapa niseme jambo linalowahusu hasa wasomaji wetu wa Maskati na jamaa zao wa Unguja na Mombasa. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Oman kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa kwa ajili ya zawadi, nyingi zikiwa Rolex zilizopitia duka la Asprey la London, na kwenye uso wake ikawekwa nembo ya jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Baadhi ya saa hizo walipewa maofisa wa Kiingereza waliotumika katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Leo saa hizo hutafutwa sana, na kwa kuwa chapa ndogo juu ya uso inaweza kupandisha bei mara kadhaa, chapa hizo huigizwa. Ukipata bahati ya kuiona moja, tumia lenzi ya mara kumi kwenye jambia lenyewe: kingo za rangi ziwe safi bila kusambaa, mistari ya ala isomeke, na nembo isifunike wala kukwaruza maandishi yaliyo jirani. Na ikiwa ukoo wako una saa ya namna hii sandukuni, usiipeleke kung'arishwa kabla mtu mwenye ujuzi hajaiona.

Hatua ya saba: kasha na mgongo

Kasha hueleza maisha ya saa kuliko uso. Kila mara linaposafishwa kwa mashine ya kung'arishia, chuma kidogo huondoka, na baada ya mara nne au tano zile pembe zinazoshika mkanda huwa za mviringo kama kipande cha sabuni kilichotumika. Tazama pembe zote nne kwa pamoja, ukiishika saa kwa kimo cha macho: ziwe na unene sawa, na kingo zake ziwe na ukali. Kisha tafuta mihuri inayothibitisha dhahabu. Katika kasha la Uswisi la zamani utakuta kichwa cha mwanamke, Helvetia, ambaye ni nembo ya Uswisi. Kuanzia 1995 muhuri rasmi umekuwa kichwa cha mbwa wa Saint Bernard. Muhuri wenye kina na ukali unaonyesha kuwa chuma cha mahali hapo hakijaguswa sana. Muhuri uliofifia hadi kuwa kivuli unasema kinyume chake.

Geuza saa. Maandishi ya mgongoni watu huyaona kama dosari, kumbe huweza kuwa ndiyo thamani yenyewe. Rolex Daytona aliyopewa mwigizaji Paul Newman na mkewe ilikuwa imechongwa mgongoni maneno "DRIVE CAREFULLY ME", na mwezi Oktoba 2017 iliuzwa mjini New York kwa dola 17,752,500.

Saa ikiwa na mgongo wa kioo, hapo ndipo utakapotaka kukaa. Chukua mfano wa Simplicity ya Philippe Dufour, fundi wa bonde la Vallée de Joux nchini Uswisi aliyeitambulisha saa hiyo mwaka 2000 na kutengeneza takriban 200. Kwa mbele ni saa tulivu isiyo na mbwembwe. Kwa nyuma, kila bamba la mashine lina ukingo uliokatwa mshazari na kung'arishwa kwa mkono, na Dufour hutumia hata vijiti vya mmea wa gentiani unaoota milimani kwao. Tazama pembe zinazoingia ndani, pale kingo mbili zinapokutana kama kona ya chumba. Mashine huacha kona ya duara, kwa sababu chombo chake huzunguka. Mkono wa fundi pekee ndio unaoweza kuzikutanisha kingo hizo kwa ncha kali. Kisha tafuta kipande cha chuma kilichong'arishwa kwa namna inayoitwa poli nyeusi, na uinamishe saa kidogo kidogo: kitakuwa cheupe kama kioo, halafu kijivu, halafu ghafla cheusi tititi. Hakuna picha inayoweza kukuonyesha mabadiliko hayo, kwa sababu yamo katika kugeuza. Kwa maoni yangu, mtu akipata nafasi ya kuona saa moja tu maishani, aombe hii kabla ya zile za mamilioni kumi.

Saa yenye mgongo uliofungwa haitafunguliwa kwa ajili ya mtazamaji wa kawaida. Omba picha za mashine, ambazo nyumba ya mnada karibu kila mara inazo.

Hatua ya nane: sikio, kisha mkono

Kama saa inatembea, isogeze sikioni. Mashine nyingi za kale, na ile ya Simplicity pia, hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kwa sekunde, na sikio linaweza karibu kuzihesabu. Mashine za kisasa zinazopiga mara 28,800 hutoa mara 8 kwa sekunde, nazo husikika kama mvua nyembamba juu ya bati. Unachotafuta ni mapigo yaliyolingana. Yakiwa yanachechemea, moja refu na moja fupi, mashine inahitaji fundi.

Kuivaa ni jambo la mwisho, na ni kwa ruhusa. Mwache mhudumu aifunge bizimu, au ufanye hivyo mkono ukiwa umelala juu ya trei. Usitazame uso tena. Tazama jinsi inavyokaa, kama mgongo wake unagusa ngozi yote, kama uzito unaivuta upande mmoja. Platini itakushangaza kwa uzito, na kasha la 1518 kwa wepesi wa kusahaulika. Nusu dakika inatosha.

Hatua ya tisa: kurudisha na kuandika

Ilaze saa kwenye trei, uso ukiwa juu, na usiondoke mpaka mhudumu aichukue mbele yako. Kisha tafuta kiti nje ya chumba na uandike mara moja, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote: pembe, mihuri, rangi ya uso dirishani, sauti, kitu gani kilikukera. Jioni fungua orodha ya mnada na uweke maandishi yako kando ya picha. Zungushia kila mahali ambapo picha na daftari havipatani. Mara nyingi utakuta pembe zilizopigwa picha kutoka juu ili wembamba wake usionekane, au uso uliomulikwa kwa namna ambayo doa limezama. Maonyesho huchukua siku kadhaa, kwa hiyo andika maswali yaliyobaki kwa ufupi, na asubuhi inayofuata rudi mapema kabla chumba hakijajaa, uiombe saa ileile uitazame mahali hapo pekee.